Kuni za Nyumbani: Kukata, Kuchanja na Kuweka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Msimbazi. Yapigwa chapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile wasiweze kufika.)



Halmashauri ilipotutaka tuseme mbele yenu ilituachia wenyewe kuchagua jambo. Twajua baadhi yenu mlitazamia tuseme juu ya nyongeza ya mshahara au juu ya uhamisho, mambo ambayo karani hachoki kuyasikia. Tumechagua kuni. Mwenzetu mmoja wa ofisini alipopata habari hiyo alicheka sana, akauliza kama mtu aliyesomeshwa sekondari na mapadre amekosa la kusema hata akaangukia jikoni. Nasi tulimjibu kwa swali: mwezi uliopita nyumba yako ilitumia fedha ngapi kwa kuni na mkaa? Hakujua. Nauli yake aliijua, deni lake la dukani alilijua, na siku ya mshahara aliijua hata saa yake. Lakini moto unaompikia ugali hakujua bei yake. Akaacha kucheka, akasema atakuja kusikiliza, na twamwona yuko pale nyuma.

Sisi ni watu wa masjala. Jalada likilowa, au likaliwa na mchwa, au likawekwa mahali lisipoonekana, siku ya pili tutaandikiwa barua ya kutakiwa maelezo. Huko uani kwetu kuni hulala matopeni masika yote, zikaota uyoga, zikaliwa na mchwa, wala hapana anayetuandikia barua. Anayelipa ni mama wa nyumba kwa macho yake na kifua chake, na sisi tunalipa mara ya pili mwisho wa mwezi bila kujua tumelipia nini.

Kwanza tutazame kuni zatoka wapi, maana mtu wa Kariakoo huziona zimekwisha kufika, akadhani zaota sokoni. Mto huu wetu wa Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti na Kigogo, ukashuka bonde la Jangwani hata baharini karibu na Daraja la Selander. Vilima hivyo vilikuwa mojawapo ya ghala za kwanza za kuni za mji huu. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ilikuwa mlaji mkubwa, kwa kuwa kwa miaka mingi magari yake ya moshi yalichoma kuni. Hata jina la Kariakoo latukumbusha mizigo: ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliokaa hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Nasi tuliobaki tumeendelea kupagaa, ila mzigo wetu watoka mbali zaidi kila mwaka. Wataalamu waliopima misitu iliyouzunguka mji huu kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta uharibifu ukisonga kama wimbi: kwanza hutoka miti ya mbao za thamani, kisha ya mbao hafifu, kisha yaliyobaki huchomwa mkaa. Katika miaka 14 wimbi hilo lilisonga hata kufika kilometa 120 kutoka mjini, yaani kadiri ya kilometa 9 kwa mwaka. Basi anayeshangaa kwa nini mkaa umepanda bei na ahesabu kilometa, maana kila moja ina mafuta ya lori ndani yake.

Wala mji haukupunguza hamu yake. Benki ya Dunia ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2009 kwamba nyumba zinazotumia mkaa Dar es Salaam ziliongezeka kutoka 47 katika kila 100 mwaka 2001 hata 71 mwaka 2007. Katikati ya miaka hiyo, Januari 2006, Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Marufuku haikudumu, lakini waliokuwa na nyumba siku zile hawakusahau jinsi bei ilivyoruka, na mwaka ule ule ukame ulipunguza maji ya mabwawa, umeme ukawa wa zamu. Aliyekuwa na tita la kuni kavu chini ya bati alikuwa tajiri wa mtaa. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Nasi twaunga mkono kwa moyo. Mwenye uwezo wa gesi na apike kwa gesi, asitusikilize sisi hata kidogo. Lakini tuseme kweli. Wengi wetu tuna mtungi mdogo jikoni kwa ajili ya chai na mayai, na maharage na makande bado yako juu ya mkaa. Na ikija arusi au msiba uani, sufuria la pilau la watu 200 halipandishwi juu ya mtungi wa kilo 6. Mafiga hutolewa, na kuni huitwa.

Sasa tuingie katika shina la maneno yetu. Masika ya mwaka juzi tulinunua tita la kuni kwa mchuuzi mmoja, zilizopasuliwa vizuri, nzito, za kupendeza. Ziligoma kuwaka. Mama wa nyumba alipuliza hata machozi yakamtoka, watoto wakakohoa, wali ukaiva saa 4 usiku ukiwa na harufu ya moshi. Kwa hasira tuliazima mizani ya jirani tukapima tita jingine la namna ile ile: kilo 10. Tukaliweka juu ya matofali, chini ya kipande cha bati, penye upepo. Mwisho wa Julai tukalipima tena: kilo 6 na nusu. Hapana mtu aliyeiba ukuni hata mmoja, maana tulizihesabu. Kilo 3 na nusu zilikuwa maji, nasi tulikuwa tumeyalipia kwa bei ya kuni.

Mti uliokatwa leo, kadiri ya nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Ukichanjwa na kukaa kivulini penye upepo kwa miezi kadha, maji hupungua hata yakabaki sehemu 15 au 20 katika 100. Chini ya hapo hazishuki kwa urahisi katika pwani yetu, kwa kuwa hewa yenyewe ina unyevu. Twaeni basi ukuni mbichi wa kilo 1, nusu yake maji. Kabla ya kukupikia cho chote moto sharti uyachemshe maji hayo ya nusu lita hata yaishe yote kwa mvuke. Ni kama kuteleka birika la pili lisilo na chai, ukalichochea hata likauke. Kazi hiyo peke yake hula kadiri ya sehemu moja katika saba za joto lote la ukuni ule. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba moto uliopozwa na mvuke hauwezi kuunguza moshi wake. Moshi si takataka ya kuni. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Unapoona wingu jeusi likipanda uani, chakula cha moto wako ndicho kinachokwenda zake hewani, na sehemu yake yaingia kifuani mwa aliyeinama pale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani, na watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 200,000 kati yao.

Kuna atakayesema: basi tununue mkaa, hauna moshi. Ni kweli hauna moshi wa kuonekana, na juu ya huo usioonekana tutasema baadaye. Lakini mkaa si kitu kingine, ni kuni zilizokwisha kuunguzwa nusu mbali na macho yetu. Katika tanuri la udongo, kuni za kilo 100 hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu, kwa kadiri ya ufundi wa mchomaji na ukavu wa miti. Kilo ya mkaa ina joto linalokaribia mara mbili ya kilo ya kuni kavu. Basi fanyeni hesabu wenyewe mtaona kwamba zaidi ya nusu ya joto limeachwa porini. Hatumlaumu mchomaji, naye ana watoto. Twasema tu kwamba mahali ambapo uani una nafasi, kuni kavu katika jiko zuri ni uchumi kuliko tunavyodhani.

Lakini kuni zipi? Mvinje ni mfalme wa pwani: ni mzito, huwaka kwa joto kali, na huvumilia hata usipokauka sana. Mkaratusi ni mzuri, nao wapatikana kwa wingi kwa kuwa hupandwa. Matawi ya mwembe uliopogolewa yafaa yakikaushwa kwa subira. Mabanzi ya viwanda vya mbao na vipande vya mafundi seremala huuzwa kwa bei nafuu, navyo mara nyingi vimekwisha kukauka. Ila hapa tuwe na macho. Mbao iliyopakwa rangi, mbao iliyotiwa dawa ya wadudu, kipande cha nguzo ya umeme, na zile mbao za kubandikwa kwa gundi, hizo zisiingie jikoni kabisa, kwani moshi wake ni sumu juu ya chakula. Mikoko nayo tuiache. Ni kweli wazee walichomea chokaa kwa mikoko, lakini kuikata bila kibali ni kosa la sheria, na sisi ni watumishi wa umma. Kadhalika shehena yo yote ya kuni au mkaa sharti iwe na kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwanachama anayenunua lori zima aombe kuziona, asione haya. Kwa kuwashia, hapana kitu kinachoshinda makumbi na vifuu vya nazi. Vifuu vitatu na karara moja huanzisha moto bila tone la mafuta ya taa, na mafuta ya taa jikoni yamekwisha kuunguza watoto wengi.

Tumeulizwa na vijana namna ya kuchanja, kwa kuwa wengi walilelewa mjini na hawakushika shoka. Basi tusikilizane. Gogo likatwe kwanza kwa msumeno kwa urefu mmoja: shibiri mbili kwa kuni za mafiga, shibiri moja kwa jiko dogo. Urefu mmoja si urembo, kwani kuni zisizolingana hazipangiki, na zisizopangika hazikauki. Maji ya mti hutoka zaidi kwenye vichwa vilivyokatwa na kwenye uso uliopasuliwa, wala hayapendi kupita ganda. Ndiyo sababu gogo zima laweza kulala mwaka mzima likawa bado bichi moyoni. Gogo lisimamishwe juu ya kisiki kingine, si juu ya ardhi, ili shoka likipita liingie katika kisiki, si katika udongo wenye mawe wala katika mguu wako. Kabla ya pigo la kwanza shika mpini utikise. Shoka lililolegea ni hatari kuliko shoka butu. Wengine huloweka mpini majini uvimbe; hiyo ni dawa ya saa moja, kwani mpini ukikauka kichwa hulegea zaidi. Tia kabari ndogo ya mti mgumu kichwani mwa mpini.

Simama miguu imepanuka, na watoto wawe mbali. Usianze moyoni mwa gogo kubwa. Anza ukingoni, ubanduebandue kandokando hata libaki dogo. Tazama nyufa ambazo gogo lenyewe limefanya, maana limekuonyesha njia. Pigo moja katika ufa lashinda mapigo kumi mahali pengine. Penye fundo usishindane napo. Fundo ligeuzwe, au liachiwe kabari ya chuma na nyundo, au liwekwe kando kwa siku ya shughuli, ambapo gogo zima huingia chini ya sufuria. Na mkaratusi uchanjwe ungali mbichi. Tuliufanyia kiburi mmoja tukauacha ukauke kwanza, ukawa kama chuma, ukatuvunjia mpini na heshima mbele ya majirani. Unene uwe wa kifundo cha mkono, na vingine vyembamba kama kidole kwa kuchochea. Mikono yenu ya taipu itatoka malengelenge siku ya kwanza. Yatapona.

Kuweka ndiko kunakotushinda wengi. Nyumba zetu za vyumba sita zina uani mmoja, na uani huo una jiko, choo, kamba ya nguo, ndoo za maji, kuku wa mtu na pikipiki ya mtu. Ghorofa zilizoota Kariakoo hazina hata huo uani, na kwa wanaokaa humo twasema wazi: msiweke kuni wala msipike kwa kuni kwenye roshani, tumieni gesi. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ulioteketeza sehemu ya Soko la Kariakoo ulituonyesha jinsi moto unavyofanya kazi mahali palipobanana.

Mwenye uani atengeneze chanja: mistari miwili ya matofali, juu yake fito mbili ngumu, shibiri moja kutoka ardhini. Kuni zipangwe juu yake, nazo zisiguse ukuta. Nafasi ya vidole vinne iachwe nyuma ili upepo upite na mchwa wakose daraja. Mwisho wa kila upande pajengwe nguzo kwa kupishanisha kuni, mstari mmoja hivi na mstari wa pili hivi, ili rundo lisimame lenyewe. Juu pawekwe bati lenye mteremko. Ubavuni pasiwekwe kitu. Hapa ndipo wengi hukosea: mtu hununua turubali, akafunika kuni pande zote kama maiti, akafunga kamba, akadhani amezihifadhi. Amezivundika. Kuni hazikaushwi na jua zaidi ya zinavyokaushwa na upepo, na mvua ya ubavuni hukauka kwa siku moja.

Wazee walisema akiba haiozi, lakini pengine hawakukutana na mchwa wa Msimbazi. Wale hujenga vijia vya udongo juu ya matofali usiku mmoja. Kila Jumamosi pitisha jicho chini ya chanja, na ukiona kijia kivunje, na miguu ya chanja ipakwe mafuta machafu ya gari au imwagiwe majivu, nayo majivu yabadilishwe kila yakilowa. Usitie mkono rundoni gizani, kwani nge na tandu nao ni wapangaji. Na chanja liwe mbali na jiko na mbali na mita ya umeme.

Tena kuni zilizoingia kwanza ndizo zitoke kwanza. Andika mwezi kwa chaki juu ya ukuni wa mwisho wa kila safu, kama tunavyogonga mhuri wa tarehe juu ya barua iliyopokelewa. Kujua kama zimekauka ni rahisi: gonganisha kuni mbili; zilizokauka hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Vichwa vyake huwa na nyufa, na ganda hubanduka lenyewe. Kuhusu majirani wa uani mmoja, hatuna dawa ila mapatano. Kuni tano za leo zikichotwa bila ruhusa huleta maneno ya mwaka mzima. Nyumbani kwetu kila mpangaji amepaka rangi yake kwenye vichwa vya kuni zake, na tangu siku hiyo amani imekuwapo, ijapokuwa mwenye rangi nyekundu asema zake hupungua.

Juu ya wakati wa kununua. Masika yaanza Machi, vuli yaanza Oktoba. Anayenunua kuni Aprili ananunua maji, kama sisi, tena kwa bei ya juu kwa kuwa barabara za shamba zimeharibika na malori hayafiki. Julai, upepo wa kusi ukivuma na mvua zimekatika, kuni huja kwa wingi, na zikichanjwa upesi zitakuwa tayari kabla ya vuli kukolea. Tena Januari, jua la kaskazi likiwa kali, nunua zilizokwisha kukauka nusu, zimalizie uani kabla ya Machi.

Mtasema: fedha ya kununua akiba ya miezi mitatu karani aipate wapi? Hilo ndilo swali lenyewe, na ndilo lililotuleta hapa. Sisi twanunua kwa kopo na kwa fungu kwa sababu mshahara hauruhusu gunia, na kwa kuwa twanunua kwa kopo mshahara hautaruhusu gunia kamwe. Kila mmoja na ahesabu gunia moja lajaza makopo mangapi, azidishe kwa bei ya kopo, kisha alinganishe na bei ya gunia. Tulipofanya hesabu hiyo nyumbani, tofauti ya mwezi mmoja ilitosha unga wa wiki nzima. Hatukuibiwa, mchuuzi hulipa pango na hubeba hasara ya vumbi. Lakini unga ule ungeliwa na watoto wetu.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Twapendekeza kwa Halmashauri kwamba wanachama wanaokaa mitaa ya karibu wachange kidogo kidogo kila mwezi kuanzia sasa, na Julai wanunue pamoja lori moja la mabanzi au la mikaratusi lenye hati zake zote, wagawane kwa mizani mbele ya watu, si kwa kukadiria kwa macho. Daftari la michango likaguliwe kila mwezi na mtu asiye mweka hazina. Tumeona vyama vingine vikivunjika kwa sababu ya fedha ndogo kuliko hiyo, na hatutaki watu wavunje urafiki juu ya kuni. Asiye na nafasi uani apewe sehemu yake kwa mafungu kutoka kwa mwenye nafasi.

Limebaki jambo tulilotaka kulinyamazia, kwa kuwa latuhusu wenyewe. Masika yale yale ya kuni mbichi, usiku mmoja wa mvua, tulipochoka na moshi tuliwasha jiko la mkaa. Chakula kilipoiva makaa yalikuwa bado mekundu, na sare za shule zilikuwa zimelowa. Tukaingiza jiko chumbani likaushe nguo, tukafunga dirisha kwa sababu ya mvua na mbu, tukalala. Alfajiri mama wa nyumba aliamka kwa maumivu ya kichwa, akatapika, akafungua mlango. Mtoto wetu wa pili aliitwa asiitike. Alibebwa mgongoni katika mvua mpaka hospitali, na kwa rehema ya Mungu alizinduka mchana. Sisi tuliomsomesha mtoto yule kusoma saa ndio tuliofunga dirisha lile.

Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoishika, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba uhai. Aliyelala haamki akaikimbia. Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama dirisha li wazi, hata kama makaa yameanza kufifia.

Twasema haya kwa mkazo kwa sababu ya wenzetu wanaopata barua za uhamisho kwenda nchi za baridi: Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto. Mtu wa pwani hufika Njombe mwezi Juni na shuka moja, akakuta asubuhi majani yamekuwa meupe kwa sakitu; na jambo la kwanza linalomjia moyoni ni kuvuta jiko karibu na kitanda. Asifanye hivyo. Aulize kama nyumba ina meko yenye dohani, na kama inayo, dohani isafishwe masizi kabla ya kuwasha. Kuni za huko ni njema: miwati imepandwa tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya maganda ya kutengenezea ngozi, na mti wake huchanjika vizuri na huwaka kwa joto kubwa. Lakini ukungu wa kule haukaushi haraka kama upepo wetu. Azichanje nyembamba, aziweke chini ya upenu, azinunue mapema kabla ya Juni. Ikiwa nyumba haina dohani, anunue mablanketi.

Maswali yaliyoletwa na wanachama tumeyajibu humu kadiri tulivyoweza, ila moja la mwenzetu aliyeuliza kama kuloweka maharage usiku kucha kwapunguza kuni. Kwapunguza sana, tena maji yale ya kulowekea yamwagwe.

Wanaotaka kuingia katika mchango wa lori la Julai waandikishe majina kwa Katibu. Shoka la chama na kabari mbili za chuma ziko kwake pia. Mwenye kuziazima atie sahihi daftarini, na azirudishe zikiwa zimenolewa.